Mashine za gemu za 1977 hadi 1982: ipi ununue kwanza

Wengi wanaotafuta mashine ya gemu ya zamani huanza kwa kuuliza ipi ilikuwa na nguvu zaidi. Mimi ningeuliza kwanza kijiti chake cha kuchezea kikoje mkononi, kisha kama kaseti zake za gemu bado zinapatikana. Kwa vigezo hivyo viwili nimezipanga hapa mashine sita zilizogombea sebule za Wamarekani kabla ya soko lao kuanguka mwaka 1983.

Namba moja ni Atari 2600, na nyingine zote ziko mbali nyuma yake. Ilitoka 1977 ikiwa na kumbukumbu ya baiti 128 tu, kidogo hata kuliko SMS moja iliyojaa. Haina pa kuhifadhi picha ya skrini nzima, kwa hiyo programu huichora mstari kwa mstari, sambamba na mwendo wa televisheni yenyewe. Katika ufinyu huo watunzi wakatoa Space Invaders mwaka 1980, na mwaka 1982 kampuni ya Activision ikaleta Pitfall!, ambayo mpaka leo inachezeka kwa raha. Kijiti kimoja, kitufe kimoja chekundu: mtoto anashika na kuanza bila kuelekezwa. Soketi yake ya pini tisa ilitumiwa pia na Commodore 64 na Sega Master System, kwa hiyo kijiti kikifa hukosi cha kuchomeka.

Tafuta ile yenye swichi nne mbele, iliyoanza 1980. Zile za mwanzo zenye swichi sita zinapendwa na wakusanyaji na bei yao hupandishwa kwa sababu hiyo. Kabla ya kulipa, jaribu vile vidhibiti vya kuzungusha kwa gemu kama Breakout. Kama kibao kinatetemeka chenyewe kwenye skrini, ndani kuna uchafu. Fundi wa redio ataumaliza kwa dawa ya kusafishia kontakti, lakini wewe tayari una sababu ya kupunguziwa bei.

Ukiagiza kutoka Marekani, usichomeke transfoma yake kwenye soketi ya Dar es Salaam au Nairobi. Imetengenezwa kwa volti 120 na itaungua. Mashine yenyewe inakula volti 9 za DC, kwa hiyo adapta ya kawaida ya miliampia 500 au zaidi inatosha, mradi plagi yake ndogo iingie vizuri na chanya iwe kwenye ncha. Angalia pia mfumo wa picha: kaseti ya NTSC (mfumo wa televisheni wa Marekani) kwenye mashine ya PAL (mfumo wa Ulaya na wa kwetu) inacheza, ila rangi zinabadilika, nyasi hazitakuwa za kijani. Na kwa kuwa picha hutoka kwa waya wa antena, ningeongeza pesa nipate iliyokwisha kufungwa njia ya AV, yaani waya za picha na sauti za kuchomeka moja kwa moja kwenye televisheni.

Ya pili ni ColecoVision ya 1982. Iliuzwa pamoja na Donkey Kong ndani ya boksi, na kwa macho iliiacha Atari mbali. Kijiti chake kifupi kinachosha kidole gumba, hilo silifichi, lakini unaweza kuchomeka cha Atari ukabaki na chake kwa ajili tu ya kubonyeza vitufe vyake vya namba vya kuchagua kiwango. Picha ikitoka vipande vipande au na herufi zisizoeleweka, ishuku kwanza swichi ya kuwashia. Huota kutu ndani na kuvuruga umeme wa chipu za picha. Hakikisha adapta yake ipo, maana inatoa volti za aina tatu na mbadala wake hauokotwi dukani.

Ya tatu, Vectrex, ningeipa nafasi ya pili kama ingekuwa rahisi kuipata. Ina skrini yake yenyewe, inachora kwa mistari ya mwanga badala ya nukta, na gemu ya Mine Storm imo ndani, hata bila kaseti unacheza. Mistari yake ni mikali kiasi kwamba video haikuonyeshi uzuri wake. Ukiikuta mahali, omba iwashwe. Usiifungue mwenyewe, bomba la picha hubaki na umeme mkali hata baada ya kuzimwa.

Intellivision ya Mattel ni ya nne. Prosesa yake ilikuwa ya biti 16 na michezo ya timu ilikuwa bora kuliko ya wenzake, ila kisahani chake cha pande 16 huteleza pale unapotaka kwenda kulia tu. Vidhibiti vya toleo la kwanza havichomoki, basi chukua Intellivision II. Kaseti nyingi zinataka na karatasi za plastiki za kufunika vitufe vya namba vya kidhibiti. Muulize muuzaji kama zipo.

Odyssey² ina kibodi nzima na gemu zinazofanana mno kwa sura. Inunue kwa ajili ya K.C. Munchkin!, ambayo Atari iliishtaki kwa kufanana na Pac-Man na mahakama ikaizuia.

Mwisho kabisa ni Atari 5200. Gemu zake ni nzuri, ndiyo maana inaniuma: kijiti hakirudi katikati ukikiachia, na vitufe hufa mapema. Ile ya soketi nne za vijiti hupokea umeme na kutoa picha kwa waya mmoja kupitia kisanduku maalumu. Ukiuziwa bila kisanduku hicho, iache.