Tathmini ya sanduku la slaidi za mayai ya minyoo: maganda yanaonekana vizuri kuliko ujenzi wake

Sanduku hili la slaidi za kudumu limekusudiwa walimu wa baiolojia na wanafunzi wa maabara za tiba. Nimelipima kwa swali moja: je, anayetazama mayai haya kwa hadubini ataelewa jinsi kuta zake zinavyojengwa, au atajifunza tu kuyatambua kwa sura? Kwa utambuzi, ni sanduku zuri ambalo ningelipendekeza bila kusita. Kwa kueleza ujenzi, linategemea zaidi slaidi moja iliyowekwa mwisho kabisa na kupewa maelezo ya mstari mmoja.

Slaidi hiyo ina mikato ya mfuko wa uzazi wa Parascaris, mnyoo wa farasi. Iliandaliwa ili kuonyesha mgawanyiko wa kromosomu, lakini thamani yake kubwa kwangu iko kwenye ganda. Katika mkato wa sehemu ya juu ya mfuko, yai lililotoka kuingiwa na mbegu ya kiume limezungukwa na utando mwembamba tu, ilhali katika mikato ya sehemu za chini ganda limekuwa nene na nafasi wazi imejitokeza kati yake na seli iliyo ndani. Hapo mwanafunzi anaona kwa macho yake kwamba kwa minyoo mviringo ni yai lenyewe linalojijengea ganda, na kwamba kazi hiyo huanza baada ya mbegu kuingia: kwanza utando wa nje, kisha tabaka la kaitini, dutu ngumu inayoupa ukuta uimara, na ndani kabisa tabaka la lipidi, yaani mafuta. Mchango wa mama ni tabaka la protini tu, ambalo kuta za mfuko wa uzazi hulipaka juu ya hayo yote.

Slaidi tatu za Ascaris lumbricoides, mnyoo mviringo wa utumbo wa binadamu, zinaendeleza hoja hiyo vizuri, ingawa kitini kinachoambatana na sanduku hakisemi hivyo. Yai lililorutubishwa, lenye urefu wa mikromita 45 hadi 75, lina ganda nene na vinundu vya protini vilivyotiwa rangi ya kahawia na nyongo ya binadamu. Lisilorutubishwa ni refu zaidi na ganda lake ni jembamba, jambo linalothibitisha kwamba bila mbegu ujenzi haukamiliki. Slaidi ya tatu, ya yai lililopoteza vinundu vyake, ndiyo niliyoithamini kuliko hizo mbili, kwa kuwa yai la namna hiyo bado linaweza kukua na kuambukiza. Kwa hiyo kinga kuu haiko kwenye tabaka la nje linalovutia macho. Iko kwenye lipidi ya ndani, yenye askarosidi (lipidi za pekee za minyoo hii), ambayo huzuia kemikali nyingi kiasi kwamba mayai haya huweza kuendelea kukua hata ndani ya formalini, dawa ya kuhifadhia vielelezo. Tabaka hilo ni jembamba mno kwa hadubini ya kawaida, na kitini kilipaswa kulitaja ili mtazamaji asidhani kwamba asichokiona hakipo.

Mayai ya safura yamenywea, kasoro inayotarajiwa kwa ganda jembamba lililopitishwa kwenye pombe kali na zailini, viyeyushi vya kuandalia slaidi. Jeli ya glisarini ingeyahifadhi vizuri zaidi. Yale ya minyoo mjeledi ni safi, na vizibo vyake viwili vinaonekana wazi.

Kwa minyoo bapa nina malalamiko mazito zaidi. Ganda lao hujengwa kwa njia tofauti kabisa: seli za kiini cha yai (si kiini cha seli) huleta matone ya protini, nayo hukusanywa katika chumba kidogo kinachozungukwa na tezi, kisha hukazwa kwa kwinoni, kemikali inayounganisha protini, kama ngozi inavyokazwa kwa magome ya miti. Rangi ya manjano na kahawia inayopatikana ni ushahidi wa ukazaji huo. Yai la Fasciola hepatica, mnyoo bapa wa ini, limeachwa bila rangi ya maabara, na ni sahihi. Yai la kichocho cha Schistosoma mansoni limetiwa rangi nyekundu inayoufuta ushahidi huo, na baadhi ya mayai yamelala vibaya hata mwiba wa pembeni hauonekani.

Kosa la kitini lisilovumilika linahusu tegu. Kinauita ukuta nene wenye mistari wa yai la Taenia kuwa ganda, ilhali ganda halisi ni jembamba na kwa kawaida huwa limekwisha kudondoka. Ukuta unaoonekana ni kifuniko kilichojengwa na seli zinazotokana na kiinitete chenyewe, kwa vijitofali vya protini vilivyopangwa kandokando.

Mwalimu atakayelinunua aanze na slaidi ya mwisho, kisha afundishe Ascaris, na aeleze mwenyewe habari za tegu. Watengenezaji nao wangeongeza mkato wa mnyoo bapa unaoonyesha kile chumba kidogo na tezi zake, kwa kuwa kwa sasa nusu ya pili ya sanduku ina mayai yaliyokamilika tu.