Ada ya kibali cha ukaazi: alipe bosi au akatwe mfanyakazi?

Huku mahotelini Paje na Nungwi, Zanzibar, tunafanya kazi na wenzetu kutoka nchi za nje kila siku, Wakenya, Waganda, Wazungu walimu wa kaiti (ule mchezo wa kuteleza baharini kwa tiara), na suali ni lile lile, ada ya kibali chao alipe nani?

Bosi akilipa, mtu anaanza kazi roho imetulia. Na kibali cha daraja B, yaani kile cha mgeni alieajiriwa, kinafungamana na ajira ile ile, akihamia kwa mwajiri mwengine hakimfai tena, sasa kwa nini alipie yeye? Mabosi wanaogopa mtu kuondoka baada ya miezi mitatu, sawa, basi waandikiane kuwa akiondoka mapema arejeshe sehemu ya ada.

Mfanyakazi akilipa, hoteli inaokoa pesa, faida nyengine mie siioni. Nilifanya kazi na dada mmoja wa Kenya alokuwa anakatwa kila mwezi, masika ikaingia, watalii hamna, tipu hamna, akawa anakopa mpaka nauli ya daladala jamani. Na ukishakuwa na deni la bosi huwezi kusema hata ukionewa, hili ndo linaniuma khaswa.

Mie nasema alipe bosi, na iandikwe kwenye mkataba kabla mtu hajapanda boti.