Ekzosi (bomba la moshi) ya ubavuni kwenye gari la Datsun 240Z: nimelipa mara mbili, Arusha kisha Moshi

Nianze na bei, maana najua ndiyo wengi mnaitafuta. Kazi ya kwanza, Arusha: shilingi 260,000. Kazi ya pili, Moshi, pamoja na kung'oa takataka zote za kazi ya kwanza: shilingi 540,000. Ya kwanza ilidumu wiki tano. Ya pili ina mwezi wa kumi na moja sasa na bado inaning'inia pale pale ilipotundikwa.

Gari lenyewe ni la mjomba. Marehemu alilinunua Nairobi likiwa tayari limechoka, akaja nalo Njiro, hapa Arusha, na kwa miaka mingi likawa linalala chini ya turubai, kuku wakitagia humo. Alikuwa mgonjwa wa Safari Rally, yale mashindano ya magari. Ukimkuta kakaa vizuri anakuhesabia: 1971 Edgar Herrmann, 1973 Shekhar Mehta mzaliwa wa Kampala, wote kwa 240Z, enzi ambazo mbio zile zilikuwa za Afrika Mashariki, si za Kenya peke yake. Gari la Herrmann lilikuwa jekundu, boneti nyeusi. La mjomba nalo jekundu, boneti nyeusi, ila yeye alipaka kwa brashi. Mistari ya brashi bado inaonekana na sitaki mtu aiguse.

Ekzosi ya asili inapita chini ya sakafu na kutokea nyuma. Yangu ilikuwa imeoza kiasi kwamba sailensa unaichokonoa kwa kidole inamomonyoka. Kupata nyingine ya asili ni kuagiza nje, na mwenye kuagiza nje anajua maumivu yake. Nikajiuliza, kwa nini isitokee ubavuni, chini ya mlango, mbele ya tairi la nyuma? Bomba fupi, kazi ndogo, gharama ndogo. Hizo ndizo sababu nilizomwambia mke wangu. Sababu ya kweli ni mlio.

Gereji ya kwanza siitaji. Fundi alikuwa kijana mchangamfu, ana maneno matamu, na alisema neno ambalo lilipaswa kunikimbiza: "Bosi, kesho jioni unachukua." Kweli, kesho yake jioni nilichukua. Bomba lilikuwa linang'aa. Sikuuliza linang'aa kwa nini.

Lilikuwa bomba la maji. Gavanaizi, lile lile la kuvutia maji toka barabarani. Kwanza ni zito, unene wake karibu mara mbili ya bomba la ekzosi. Pili, limepakwa zinki, na zinki ukiichoma kwa moto wa kuchomelea inatoa moshi mweupe ambao mtu akiuvuta, usiku anatetemeka kama mwenye malaria. Wachomeleaji wanaijua hiyo homa, ndiyo maana utaona wengine wanakunywa maziwa, ingawa maziwa hayazuii chochote. Tatu, zinki ikichanganyika na chuma kilichoyeyuka, mshono unatoka na vitundu kama chapati ya maji.

Lakini kosa kubwa halikuwa hilo. Kosa kubwa ni kwamba alilichomelea bomba moja kwa moja kwenye bodi, sehemu tatu, chini ya kizingiti cha mlango. Likakaa imara. Ukilisukuma kwa mguu halitikisiki. Mimi nikaona huu ndio ufundi.

Wiki ya kwanza nilikuwa mfalme wa Njiro. Injini ya silinda sita za mstari mmoja, lita 2.4, ikitolea pumzi ubavuni, si mchezo. Haikoromi kama lori wala haipigi kelele kama bodaboda iliyotobolewa sailensa. Ni sauti kama ya kitambaa kizito kinachochanwa polepole. Watoto walikuwa wanatoka getini.

Wiki ya pili mke wangu alishuka pale Kilombero, hapa hapa Arusha, na kuunguza shavu la mguu. Hapa kuna jambo ambalo mwenye gari hili anapaswa kulijua kabla hajaanza. Kwenye injini hii kabureta (zinazochanganya mafuta na hewa) na ekzosi zote ziko upande mmoja, upande wa kushoto. Usukani wetu uko kulia, tunaendesha kushoto. Kwa hiyo bomba la ubavuni linaangukia upande wa abiria, upande wa watembea kwa miguu, upande wa mtoto anayeuza karanga dirishani. Dereva ndiye anayefaidi mlio, wengine ndio wanaoungua. Mke wangu alinieleza hivyo kwa maneno makali zaidi ya haya.

Wiki ya tatu, tuta la Kikatiti, barabara ya Moshi. Nilisikia *ta!* halafu mlio ukabadilika, ukawa na makohozi. Bomba lilikuwa limepasuka shingoni, karibu na manifodi, pale moshi unapotokea kwenye injini. Nikarudi kwa kijana. Akapaka mshono juu ya ufa. "Bosi, hayo matuta yako hayo." Siku nne baadaye ufa mwingine, sentimita mbili pembeni ya ule wa kwanza. Akapaka tena. Mara ya tatu hakupokea simu.

Aliyenielekeza Moshi ni dereva wa fuso tuliyekutana kwenye foleni ya kujaza upepo. Aliinama, akaangalia, akacheka hadi akashika magoti. Akasema upande wa Pasua yuko mzee ambaye maisha yake yote ni ekzosi tu, hagusi kingine.

Nilifunga bomba kwa waya nikaondoka alfajiri. Ni kilometa kama 80 tu. Nilifungua vioo vyote nikidhani najisaidia, kumbe moshi unaotoka kwenye ufa chini ya mlango unavutwa ndani na vioo hivyo hivyo. Nilipofika Boma Ng'ombe kichwa kilikuwa kinapasuka na nilitapika kando ya barabara. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu. Unachonusa ni mafuta ambayo hayajaungua, kinachokuua hukinusi. Nilipumzika saa nzima chini ya mti. Kama ekzosi yako ya ubavuni inavuja, usisafiri nayo. Lifunge gari lako kwenye gari la kuvuta.

"Shikamoo mzee," nilimwamkia nilipofika Pasua.

"Marahaba. Hii nani kaifanyia hivi?"

Hakuuliza jina langu wala bajeti yangu. Alinikalisha kwenye usukani, akaniambia niwashe na nikanyage. Yeye akaweka mkono mmoja kwenye kifuniko cha injini na mwingine kwenye nguzo ya mlango. Nikikanyaga, injini inalala upande, nikiachia inarudi.

"Umeona? Injini inacheza. Mlango hauchezi. Sasa bomba lako limeshikwa na wote wawili. Likae na nani?"

Nikabaki kimya. Akaendelea: "Ni kama mtoto wa wazazi waliogombana. Lazima apasuke."

Halafu akachukua chaki, akachora mstari kwenye bomba na mwingine kwenye bodi, ikiwa sawa. Aliposhakata yale machomeo matatu na kuiacha injini ichemke robo saa, mistari ilikuwa imepishana. Mimi nilirudi nyumbani nikapiga hesabu: chuma cha mita moja na nusu kikipanda joto nyuzi 300 kinarefuka zaidi ya milimita 5. Ukikibana pande zote mbili, hizo milimita 5 zitatafuta pa kutokea, na zitatokea kwenye mshono mbovu kuliko yote. Matuta hayakuwa na hatia. Au tuseme, hayakuwa na hatia ya kwanza.

Kazi yake nitaieleza kwa urefu kwa sababu sijaona mwingine anayeifanya hivi.

Alitumia bomba jembamba la chuma cheusi, inchi mbili, na pale yanapoungana inchi mbili na nusu. Kukunja, hana mashine. Anajaza mchanga wa mto ndani ya bomba, anaushindilia, anaziba pande mbili kwa vizibo vya mti, kisha anapasha moto sehemu ya kukunja na kuivuta taratibu. Mchanga unazuia bomba lisibonyee. Ila kwanza anaukaanga huo mchanga kwenye karai, kama mtu anayekaanga karanga, mpaka ukauke kabisa. Mchanga ukiwa na unyevu, joto linaugeuza mvuke, mvuke hauna njia, kizibo kinaruka kama risasi. Kwenye ukuta wa gereji kuna tundu. Sikuuliza.

Nilimwuliza kwa nini asiunganishe mabomba yote sita pamoja akamaliza. Akachukua kipande cha boksi akaandika: 1-5-3-6-2-4. Huo ndio mpangilio wa silinda kuwaka kwenye injini hii. "Angalia. Moja yuko mbele, tano yuko nyuma. Tatu mbele, sita nyuma. Mbili mbele, nne nyuma. Wanapokezana." Kwa hiyo alikusanya tatu za mbele kwenye bomba lake, tatu za nyuma kwenye bomba lake, halafu yale mawili yakakutana baadaye. Kila pumzi inapata nafasi kabla ya inayofuata. Boksi lile ninalo.

Baada ya makutano aliweka kipande cha fleksi, lile bomba la kusukwa linalopinda. Upande wa injini wa fleksi umeshikwa na injini, upande wa pili umening'inizwa kwenye bodi kwa raba. Raba ni zile za Toyota, mpya, za kawaida, kwa sababu, alisema, siku ikikatika uko Same utaipata duka lolote la spea. Sailensa aliitengeneza mwenyewe: bomba la ndani lina matundu, limezungushiwa pamba ya fibaglasi, nje bomba kubwa. Muuza duka mmoja alitaka kuniuzia kamba ya asbesto ya kuvisha manifodi, rahisi kweli, na mzee alimfukuza nayo. Vumbi la asbesto likiingia kwenye mapafu halitoki.

Stadi mbili za manifodi, zile bolti zinazoishika, zilikatikia ndani ya silinda hedi, kile kichwa cha injini. Hedi ya injini hii ni ya aluminiamu, ukilazimisha unaharibu nyuzi na hapo ndipo pesa zinapoanza kulia. Alimwagia mafuta, akapasha, akaacha, akarudia, siku mbili nzima kwa vipande viwili vya chuma. Kisha akafunga stadi mpya kwa nati za shaba nyekundu ili mwakani zifunguke bila vita. Mwisho akafunika bomba la nje kwa bati la aluminiamu lenye matundu, likiwa limeachana na bomba kama upana wa kidole. Mke wangu amekubali kupanda tena, ingawa anashuka akiwa amekunja kanga mpaka magotini na ananitazama.

Jaribio la mwisho lilinifurahisha. Aliziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kilicholoa huku injini inanguruma taratibu, kijana wake akapaka povu la sabuni kwenye kila mshono. Palipotoka mapovu palirudiwa. Palikuwa mahali pamoja tu.

Sasa niliyoyaona hayafai. Aliniambia siku nne, nikakaa siku tisa, nalala kwa binamu yangu Kiboriloni na kula kiburu, chakula cha ndizi na maharage, mpaka nikazoea. Risiti hakuna. Mishono yake haina urembo, anayetaka picha za kuringia atasikitika. Na kuna sauti moja, injini ikiwa mizunguko kama 2,000 hivi, inavuma ndani ya gari mpaka huwezi kusikia redio. Nilimweleza, akasema niendeshe juu ya hapo au chini ya hapo. Trafiki amenisimamisha mara mbili kwa ajili ya mlio, mara zote ameishia kuomba nifungue boneti aone injini.

Matuta bado ni adui. Bomba liko sentimita 13 kutoka ardhini, nimepima. Mengi nayavuka kwa kuyaingia kimshazari, tairi moja moja, na wa nyuma wanapiga honi wanavyotaka.

Kitu ambacho hakuna aliyenitahadharisha ni kabureta. Ekzosi ikipumua vizuri zaidi, mchanganyiko wa mafuta na hewa unabadilika, na kwangu kuna mwinuko pia: zilipangwa Moshi, chini ya mita 1,000, kisha nikapanda Arusha, kama mita 1,400, ambako hewa ni nyepesi. Gari likaanza kutoa moshi mweusi na kupiga milio kama ya risasi nikiachia mafuta. Plagi zilikuwa nyeusi kama mkaa. Ilibidi nipunguze mafuta kidogo kidogo, nikitoa plagi na kuzitazama, mpaka zikafika rangi ya chai ya maziwa. Fanyeni marekebisho hayo mahali mnapoishi, si mahali gari lilipotengenezewa.

Nampa mzee nyota nne kati ya tano. Kijana wa Arusha simpi kitu, lakini nimesikia amenunua mashine ya kukunjia mabomba, basi labda.

Ukienda Pasua, nenda na gasketi yako ya manifodi mkononi maana Moshi hutaipata. Jumapili hafungui. Na baada ya kilometa mia za kwanza rudi ukakaze nati zote injini ikiwa imepoa, yeye hatakukumbusha. Mimi nilikumbuka nilipofika kilometa 300, na nati tatu zilikuwa zinazunguka kwa vidole.