TAHADHARI wana Mtwara: "eksteno yako imekufa" na flashi za TB 2 za bei ya kutupa

Wana Kuchele, nimekaa na jambo hili wiki mbili nikijiuliza nilimeze au niliseme. Nalisema, maana juzi nimemkuta dada mmoja kwenye benchi lile lile nililokalia mimi, flashi mkononi, na fundi yule yule anamwambia, "Hii imekufa dada'angu, ila naweza kuifufua."

Mimi napiga video za harusi na ngoma hapa mjini, Mikindani, na mara nyingine hadi Newala. Mnajua wenyewe, pesa za korosho zikianza kuingia huku kwetu harusi zinafuatana kama siafu. Kazi tatu kubwa nilizipeleka Dar kwa jamaa yangu anayehariri kwa Mac. Akamaliza, akanirudishia eksteno yangu, yaani diski ya nje ya kuhifadhia kazi, ya TB 1 kwa basi. Nikaichomeka kwenye laptopu yangu ya Windows, kikatokea kidirisha kinachosema diski lazima ifomatiwe (yaani ifutwe na kuandaliwa upya) kwanza ndipo itumike. Sikubonyeza. Hapo bado nilikuwa na akili zangu. Ziliniishia nilipoibeba kwenda kwa fundi mmoja maeneo ya sokoni.

Jina lake silitaji hapa, RB ya polisi ninayo na mambo mengine yatajulikana huko. Alichomeka, akasikiliza, akatikisa kichwa kama mtu anayetoa habari ya msiba. "Bosi, bodi imeungua." Kurudisha data laki moja na ishirini, kianzio elfu hamsini. Nikalipa kwa simu, jina lililotokea kwenye muamala si lake. Nilipodai risiti akasema mashine ni mbovu. Siku ya tatu akaniita: eksteno "imepona", nyeupe pe, haina kitu ndani, na kazi zangu zimehamishiwa kwenye flashi mpya ya TB 2 ambayo nayo nikauziwa elfu arobaini. Akanifungulia harusi ya kwanza pale pale, bibi harusi anashuka kwenye gari, sauti safi. Nikamshukuru. Ndiyo, nilimshukuru!

Nyumbani harusi ya kwanza ilifunguka yote. Ya pili ilicheza vipande viwili, vilivyobaki vikagoma. Ya tatu hakuna kitu: majina ya mafaili yapo, ukubwa unasoma GB kadhaa, ukibofya inakataa.

Kijana wa jirani anayesomea mambo ya kompyuta ndiye aliyenifumbua macho, na hapa nisomeni taratibu. Eksteno haikuwa imeungua chochote. Jamaa wa Dar aliifomati kwa mfumo wa Mac wa kupanga mafaili, HFS+, na Windows yenyewe haina uwezo wa kusoma mfumo huo bila programu ya ziada. Haisomi APFS, mfumo mpya zaidi wa Mac, wala ext4 ya Linux pia. Ikikutana na diski ya namna hiyo haisemi "siijui lugha hii", mara nyingi inakimbilia kukuambia ufomati. Ni kama mtu asiyejua Kimakonde apewe barua ya Kimakonde, aseme karatasi imeharibika, ichomwe.

Na fundi alilijua hilo. Tumejuaje? Kwenye ile flashi mafolda yana majina yale yale aliyoyaandika jamaa yangu, na ndani yake kuna vile vifaili vidogo vinavyoanza na nukta ambavyo Mac huviacha kila inapopita. Kama angechimba data kutoka kwenye diski iliyofutika, majina kwa kawaida yasingerudi nadhifu hivyo. Yaani aliweka programu ya kusomea diski za Mac, akakopi kama anavyokopi mtu yeyote, kisha akaifomati eksteno yangu ili nisije nikaichomeka kwenye Mac ya mtu nikaikuta nzima. Kwa hilo ndiyo nimelipa laki na ishirini.

Flashi nayo ni hadithi yake. Kijana aliipima kwa H2testw, programu ya bure: inajaza flashi yote halafu inasoma tena ilichoandika. Ilichukua usiku kucha na zaidi, tukaikatisha njiani kwa sababu jibu lilishaonekana. Nafasi ya kweli ni GB 29 na ushee. Kumbe ni flashi ya GB 32 iliyodanganyishwa ubongo ijitangaze kuwa TB 2. Ukizidisha hapo, inapokea kila unachoipa na kuandika jina, lakini mzigo wenyewe haupo. Wa Mac na Linux wanatumia F3 kwa kazi hiyo hiyo. TB 2 kwa elfu arobaini, jamani, ningejiuliza tu.

Yule dada wa benchini kesi yake ilikuwa ndogo zaidi. Alikuwa anafanya bakapu ya video ya GB 6, flashi ina nafasi GB 50, inakataa. Fundi akamwambia ni virusi vimeiua. Si virusi: flashi ilikuwa imefomatiwa kwa mfumo wa zamani, FAT32, na FAT32 haibebi faili moja la kufika GB 4 hata kama flashi ni tupu. Nilimvuta pembeni, akahamisha vilivyomo kwenye laptopu, akaifomati kwa mfumo mwingine, exFAT, ikamaliza bila kulipa mtu hata mia. exFAT inasomwa na Windows na Mac, na simu nyingi. Ila usiichomoe kwa pupa, mpaka uitoe kwa utaratibu, haisamehe.

Kwa hiyo ukiletewa neno "fomati", usikubali, wala usimwachie mtu diski ukaenda zako. Kwenye Windows fungua Disk Management, sehemu inayoonyesha diski zote zilizochomekwa. Ikionekana na ukubwa wake sahihi, hasa ukiona na kipande kidogo cha MB 200 mwanzoni, hiyo huenda ni diski ya Mac na ni nzima. Tafuta mwenye Mac, au washa kompyuta kwa flashi ya Ubuntu (aina ya Linux), inasoma HFS+ na ext4 (APFS ndiyo haiisomi yenyewe), kopi kwanza, mengine baadaye. Diski inayogonga tak tak, au isiyoonekana kabisa hata ukibadilisha kebo, hiyo ndiyo ya kuumiza kichwa.

Kama umeshafomatiwa, usiandike chochote juu yake. Fomati ya haraka inafuta orodha, si mzigo. Tumeendesha PhotoRec, programu ya kuokoa mafaili yaliyofutika, kwenye eksteno yangu kwa sababu sikuwa nimeweka kitu. Majina yamepotea yote, na mafaili makubwa mengine yametoka yamekatika. Harusi ya pili imerudi karibu nzima. Ya tatu, ya Newala, imerudi mpaka ndoa inapofungwa. Keki na ngoma hakuna. Bwana harusi bado sijampigia.

Kama na wewe ulipita kwenye benchi lile, nitumie ujumbe faragha na muamala wako. Tuko wanne sasa.