Skana ya Kusoma Makosa ya Gari: Ipi Inamfaa Mwenye Subaru ya Turbo Nakuru?

Mwenye Impreza WRX au Forester ya turbo anayependa kuchunguza hitilafu mwenyewe kabla ya kumwita fundi anahitaji skana inayoonyesha vipimo injini ikiwa inanguruma, kwa sababu namba ya kosa peke yake hutaja dalili tu.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza naipa adapta ya ELM327 ya Bluetooth, ambayo huchomekwa kwenye soketi ya pini 16 chini ya dashibodi na kusomwa kwa simu kupitia programu kama Torque. Ndiyo ya bei nafuu kuliko zote, na bado humwonyesha mwenye gari halijoto ya maji ya injini, marekebisho ya mafuta (kiasi ambacho kompyuta huongeza au kupunguza) na presha ya manifoldi, yaani bomba linalopeleka hewa kwenye silinda. Presha hiyo huwababaisha wengi hapa kwetu. Ukifungua swichi bila kupiga stata, kipimo kinapaswa kusoma takriban kilopaskali 81, kwa kuwa injini isipozunguka sensa hupima hewa ya nje tu, na Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Anayefuata maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya watu wa pwani atatarajia 101, na huenda akanunua sensa mpya ilhali ya zamani ni nzima kabisa. Halijoto nayo ifuatiliwe unapopanda kutoka Salgaa kuelekea Mau Summit, maana mshale wa dashibodi mara nyingi hutulia katikati hata maji yakizidi joto kwa nyuzi kadhaa. Jihadhari na adapta za bei ya kutupa zilizoandikwa v2.1, kwani nyingi hukosa baadhi ya amri, na ukitumia iPhone tafuta ya Wi-Fi au ya Bluetooth LE.

Ya pili ni skana ya mkononi inayosoma pia ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga unapofunga breki) na mifuko ya hewa. Kama taa za mifumo hiyo ndizo zinazowaka, basi hii inapanda hadi nafasi ya kwanza, mradi uhakikishe kwamba inaingia kwenye mifumo ya Subaru, badala ya kuamini maneno “magari yote” yaliyo kwenye boksi.

Kisomaji cha namba tupu ni cha tatu, ingawa hakikosi kazi. Kikitoa P0301, yaani silinda ya kwanza haichomi ipasavyo, badilishana koili yake (inayotoa umeme wa cheche) na ya silinda ya tatu iliyo upande huohuo, ufute kosa, kisha uendeshe. Likirudi kama P0303, koili ndiyo mbovu.

Tableti za gereji naziweka mwisho, kwani gharama yake, pamoja na ada za kusasisha programu, hurudishwa na mtu anayetengeneza magari ya wateja.

Yoyote utakayochagua, ijaribu kwenye gari lako kabla ya kulipa, kwa kuwa baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana soketi ya pini 16 lakini kompyuta yake haielewani na OBD-II, yaani lugha ya pamoja ambayo skana hizi hutumia kuzungumza na gari. Muuzaji akikataa ijaribiwe, nenda duka jingine.