Golf Clash: upepo kwanza, kidole baadaye

Mtu anayefungua Golf Clash, mchezo wa gofu wa simu, kwa mara ya kwanza hufundishwa kwa dakika chache tu: vuta mpira nyuma kwa kidole mpaka ukae ndani ya mduara, subiri mshale unaoyumba kulia na kushoto ufike katikati, kisha achia. Mafunzo hayo ni ya kweli, lakini yanaacha nje karibu kila jambo linaloamua mshindi. Nimeucheza mchezo huu kwa muda wa kutosha kufilisika sarafu zote zaidi ya mara moja, na tathmini hii ninamwandikia mchezaji ambaye tayari anajua kuachia mshale katikati, anayeliona neno la pongezi likitokea kwenye skrini, lakini bado haelewi kwa nini mpira wake umeishia majini.

Mchezo huu ulitengenezwa na Playdemic, studio ya Uingereza, ukatolewa mwaka 2017, na mwaka 2018 ukatunukiwa tuzo ya BAFTA katika kundi la michezo ya simu. Mwaka 2021 kampuni ya Electronic Arts ilikubali kuinunua Playdemic kwa dola za Marekani bilioni 1.4. Sababu ya kupendwa kwake haijifichi. Badala ya mashimo 18 yanayokula nusu siku, wachezaji wawili hukutana kwenye shimo moja tu, kila mmoja akiweka sarafu zake mezani, na anayemaliza kwa mapigo machache huzoa zote. Wakitoka sare, huongezewa pigo la kuamua, na mpira ulioishia karibu zaidi na shimo ndio unaoshinda. Kila kitu huisha ndani ya dakika chache, na hasira ya kushindwa humfanya mtu abonyeze mechi nyingine kabla hajapumua.

Sasa tuje kwenye upepo, kwa maana hapo ndipo mchezo wenyewe ulipo. Kabla ya kila pigo, skrini huonyesha mshale wa mwelekeo wa upepo na namba ya nguvu yake, na juu ya uwanja huwekwa shabaha yenye miduara iliyozungukana kama ile ya wapiga mishale. Wachezaji wengi huichukulia miduara hiyo kuwa pambo, au alama ya kuonyesha mahali ambapo mpira unaweza kupotea. Mimi pia niliichukulia hivyo kwa miezi kadhaa. Ukweli ni kwamba miduara hiyo ni rula. Kila fimbo ina kiasi fulani cha upepo ambacho mduara mmoja unaweza kukibeba, na ukishakijua kiasi hicho, kubahatisha kunakwisha na hesabu ya kugawanya inaanza. Tuseme fimbo uliyoishika inabeba kipimo cha 2 kwa kila mduara, na upepo unavuma kwa 8: utaweka kwanza katikati ya shabaha mahali hasa unapotaka mpira utue, kisha utaiburuta shabaha hiyo kinyume cha upepo, ukifuata mstari uleule wa mshale, mpaka mduara wa nne uguse pale ulipotaka kutua. Ukiachia mshale katikati, upepo wenyewe utaurudisha mpira mahali pake, na mpinzani wako atadhani una bahati.

Kiasi hicho hutegemea usahihi wa fimbo. Fimbo yenye usahihi mkubwa ina miduara midogo, kwa hiyo inahitaji kusogezwa miduara mingi zaidi kwa upepo uleule, ilhali fimbo yenye usahihi mdogo ina miduara mipana na kila mmoja hubeba upepo mwingi. Umbali nao unahesabika: fimbo inapopigwa kwa uwezo wake wote, upepo huusukuma mpira zaidi kuliko inapopigwa karibu na kiwango chake cha chini, kwa hiyo pigo la nusu nguvu hupunguziwa masahihisho. Shimo lililo bondeni huhitaji kuongezewa kidogo na lililo mlimani kupunguziwa. Najua maelezo haya yanasikika kama somo la hesabu lililomfuata mtu nyumbani. Hata hivyo, baada ya mechi ishirini au thelathini za kuhesabu kwa makusudi, jicho huanza kukadiria lenyewe, na muda uliowekwa kwa kila pigo, ambao mwanzoni huonekana mfupi mno, hugeuka kuwa wa kutosha na kubaki.

Ushauri wangu kwa anayeanza kujipima ni kuchukua fimbo moja tu ya masafa ya kati, kuitumia kila inapowezekana, na kuandika kwenye karatasi: upepo ulikuwa kiasi gani, nilisogeza miduara mingapi, mpira ulikosea kwa kiasi gani na upande upi. Kila mpira unaokosea upande ule ulikoelekea upepo unakuambia kwamba ulisahihisha kidogo, na unaokosea upande wa pili unakuambia kwamba ulizidisha, mradi tu mshale uliachiwa katikati kabisa. Pigo ambalo mshale wake haukuwa katikati lisiandikwe, kwa sababu litakudanganya.

Hapa ndipo unapoonekana mtego ambao mchezo haumwonyi mtu kuuhusu. Fimbo hupandishwa kiwango kwa kukusanya kadi na kulipa sarafu, na kupanda kiwango kunaweza kuongeza usahihi. Usahihi ukiongezeka, miduara huwa midogo zaidi, na ile hesabu uliyoizoea inaharibika usiku mmoja. Nimewahi kupandisha fimbo tatu kwa mpigo kwa furaha ya kuwa na sarafu nyingi, kisha nikapoteza mechi tano mfululizo nikiilaumu simu. Siku hizi ninapandisha moja, ninaicheza mpaka niizoee, ndipo ninagusa nyingine. Vilevile, fimbo inayopiga mbali zaidi si lazima iwe bora. Extra Mile, kwa mfano, huwavutia wageni kwa nguvu zake, lakini usahihi wake ni mdogo, na mpira uliokwenda mbali ukatua kwenye nyasi ndefu unamnufaisha mpinzani tu.

Jambo la pili ambalo hutenganisha wachezaji ni namna wanavyofikiria mahali pa kutua. Mgeni hulenga bendera iliyo shimoni. Mzoefu hulenga mdundo wa kwanza, kwa kuwa mpira ukigusa ardhi bado una safari: utadunda, utadunda tena, kisha utaviringika, na mteremko wa mahali hapo ndio utakaoamua upande wa kwenda. Mzunguko wa mbele unaoupa mpira huurefusha mviringiko, mzunguko wa nyuma huufupisha au hata kuurudisha mpira, na mpindo wa pembeni husaidia kuuzungusha mpira kwenye kona ya mti au jabali. Mtu akijifunza kuyasoma mashimo machache vizuri, akajua kwamba hili hupokea mdundo kwenye bega la kilima upande wa kushoto na lile halisamehi chochote kilichopita grini, yaani eneo la nyasi laini lenye shimo, atashinda mashimo hayo dhidi ya watu wenye fimbo bora kuliko zake. Mashimo hujirudia, na kumbukumbu hiyo ni mtaji usionunuliwa.

Kuhusu kupiga mpira ulio tayari kwenye grini sina mengi ya kusema: soma mteremko, usipapatike.

Mipira yenyewe hutofautiana. Ipo ya kawaida, na ipo ya thamani inayoongeza umbali, inayostahimili upepo au inayopinda zaidi. Mpira unaostahimili upepo ni msaada mkubwa katika mashimo ya wazi, lakini nao huvuruga hesabu, kwa sababu kila kiwango cha ustahimilivu kinahitaji miduara michache zaidi. Ninamshauri anayejifunza abaki na mpira wa kawaida mpaka hesabu imkae kichwani, na mipira ya thamani aiweke kwa ajili ya mashimo ambayo bila umbali wa ziada huwezi kuvuka maji au kufika grini kwa pigo moja pungufu. Kuitumia katika kila mechi ni sawa na kuchoma noti ili kupata mwanga.

Lipo pia suala la mpinzani, ambalo katika mchezo wa mmoja kwa mmoja lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Ukiwa wa pili kupiga, umeshaona alikofikia mwenzako. Akiwa amezama kwenye mtego wa mchanga, huna haja ya kulijaribu lile pigo la kishujaa juu ya bwawa. Piga la kawaida, tua kwenye nyasi fupi, mwache ahangaike. Akiwa ameweka mpira karibu na shimo, basi hatari inakuwa na maana, kwa kuwa pigo la tahadhari halitakupa chochote. Nimepoteza mechi nyingi kwa kupiga vizuri pigo lisilohitajika.

Tatizo langu kubwa na Golf Clash lipo nje ya uwanja. Kila ngazi ya mashindano ina kiingilio chake cha sarafu, na kadiri unavyopanda ndivyo kiingilio kinavyokuwa kikubwa, kiasi kwamba mechi chache mbaya zinaweza kufuta kazi ya wiki. Nilijiwekea kanuni ya kutoingia ngazi ambayo kiingilio chake kinazidi sehemu moja ya kumi ya sarafu nilizonazo, na tangu hapo sijafilisika. Kadi za fimbo hutoka kwenye makasha, makasha hufunguka kwa kusubiri saa kadhaa, na anayetaka kufupisha kusubiri hutumia vito, ambavyo vinauzwa kwa fedha halisi. Mpangilio huo unampa nafuu mwenye pesa, na hakuna maneno matamu yatakayobadilisha hilo. Nafuu hiyo haitoshi kumshinda mtu anayehesabu upepo katika ngazi za chini na za kati. Katika ngazi za juu, ambako pande zote mbili zinahesabu, fimbo za viwango vya juu huanza kusema, na mchezaji asiyelipa itabidi awe na subira ya miezi.

Kwa hiyo ninampendekezea mchezo huu mtu anayependa mafumbo kuliko anayependa gofu. Anayetafuta uwanja wa kutembea taratibu na kutazama mandhari kati ya pigo na pigo hataupata hapa, na mwenye mkono mwepesi wa kununua aizime njia ya malipo kwenye simu yake kabla hajafungua kasha la kwanza.