Kurasa za matokeo za NECTA kwa mzazi anayetafuta mtaa wa kuhamia: naipa nyota nne kati ya tano

Nawaandikia wazazi mnaojiandaa kuhama, hasa mnaokuja Dodoma, maana tangu serikali ianze kuhamia huku 2016 familia haziishi kuja na swali la nyumba likishapata jibu linalofuata ni watoto watasoma wapi. Dalali atakwambia shule nzuri ipo hapo hapo nyuma ya nyumba, sawa, lakini dalali anachokijua ni nyumba. Mie nilichokitegemea zaidi ni zile kurasa za matokeo za Baraza la Mitihani, yaani NECTA, ambazo watu wengi wanazifungua siku matokeo yakitoka tu, wanaangalia ya mtoto wao halafu basi hadi mwakani. Jamani mle ndani kuna mambo mengi sana kwa mzazi na ni bure kabisa, unachochoma ni bando lako.

Unaingia kwenye tovuti ya NECTA, unaenda matokeo, unachagua mtihani na mwaka. SFNA ni darasa la nne, PSLE darasa la saba, FTNA kidato cha pili, CSEE cha nne, ACSEE cha sita. Kwa shule ya msingi unachagua mkoa, halafu halmashauri, inakuja orodha ya shule zote, za serikali na za binafsi zimechanganyika humo humo, kwa hiyo unaweza kukaa na ramani ya simu pembeni ukawa unatafuta zilizo karibu na mtaa unaoutaka, Ilazo, Kisasa, Nkuhungu, Nzuguni, popote.

Ukifungua shule, juu unakuta idadi ya waliofanya mtihani na wastani wa shule, chini yake jedwali la madaraja A mpaka E kwa wasichana na wavulana, halafu kila mtahiniwa na madaraja yake somo kwa somo. Wengi wanaishia kwenye wastani, wanapiga skrinishoti wanatuma kwenye grupu la familia. Usiishie hapo. Shusha kidole kwenye Hisabati peke yake, mstari kwa mstari mpaka mwisho wa ukurasa. Kuna shule nilikuta wastani wake unapendeza kweli, watoto wamejaa B, lakini kwenye Hisabati ni D, D, C, D, E, D, kumbe Kiswahili na Uraia ndio vimebeba shule nzima. Mwanangu wa pili Hisabati ndio inayomsumbua kwa hiyo ile shule niliitoa kwenye orodha siku hiyo hiyo, na ukisoma wastani tu jambo kama hilo hulioni kamwe. Halafu angalizo dogo, wastani wa darasa la saba siku hizi ni kati ya 300 kwa sababu masomo ni sita na kila moja lina alama 50, lakini ukirudi nyuma kama 2019 masomo yalikuwa matano na jumla 250, usije ukalinganisha namba zenyewe ukadhani shule imepanda.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni kufuatilia kundi moja la watoto. Waliofanya darasa la nne 2020 ndio hao hao wa darasa la saba 2023. Fungua zote mbili uangalie idadi ya watahiniwa. Tuseme darasa la nne walikuwa 60 na darasa la saba wamefika 38, hao 22 wameenda wapi? Mwaka mmoja unaweza kusema wazazi wamehama, ndiyo watu wanahama, ila ukiona kila mwaka idadi inashuka vile vile na wastani unapanda basi hapo kuna mchujo, mtoto asiyefikisha wastani wa shule anarudishwa darasa au mzazi anaambiwa atafute kwingine. Nilimuuliza mwalimu wa taaluma wa shule moja ya ingilishi midiamu, jina silitaji, nikamuonyesha namba zao wenyewe kwenye simu, akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, sisi huwa tunawashauri wazazi mapema wamtafutie mtoto sehemu inayomfaa." Nimeshukuru nikaondoka. Ninachotaka kwa ada yangu ni shule inayomchukua mtoto wa wastani ikamsogeza, na shule za namna hiyo zipo, unaziona idadi haipungui na madaraja yanapanda kutoka la nne hadi la saba, na nyingine ni za serikali ambazo hakuna ada, watu wanazipita tu barabarani kwa sababu hazina basi la njano.

Kwa sekondari ukurasa ni tofauti kidogo, unaona divisheni wani mpaka ziro kwa jinsia, na chini kabisa kuna GPA, yaani wastani wa pointi, ya shule na ya kila somo. Hapa kuna wanaosoma kinyume, GPA ya NECTA kwa kidato cha nne inahesabu A kama 1 na F kama 5, kwa hiyo namba ndogo ndio nzuri, shule ya 2.1 iko mbali sana na ya 4.1. Ile ya somo kwa somo ndio ya kukaa nayo, Fizikia na Hisabati zikiwa hoi miaka mitatu mfululizo uliza kama wana mwalimu wa hayo masomo.

Halafu msivutwe na majina makubwa bila kuelewa yanapatikanaje. Msalato iko hapa hapa Dodoma, ni ya wasichana wa vipaji maalum, ni kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe au Kilakala, watoto wanachaguliwa kutoka nchi nzima kwa ufaulu wao, kwa hiyo kupanga nyumba jirani na geti lake hakumpi binti yako nafasi. Mtoto wa shule ya serikali mara nyingi ataenda sekondari ya kata ya karibu, na hiyo ndiyo unayotakiwa kuifungua na kuisoma. Tena tangu Januari 2023 NECTA hawatangazi tena kumi bora, jambo ambalo mie naliunga mkono kwa moyo wote, maana ile orodha ilikuwa inapamba shule zinazochagua watoto na sisi wengine tunabaki tunakimbizana nazo.

Nyota moja naiondoa kwa yale ambayo matokeo hayawezi kukuonyesha. Darasa la msingi linatakiwa liwe na watoto 45, huko kwenye tovuti hutajua kama wako 45 au 130. Vyoo vinatakiwa tundu moja kwa wasichana 20 na kwa wavulana 25, hilo nalo hulioni, na ukiwa na binti anayekaribia kuvunja ungo hilo ni jambo kubwa kuliko wastani. Kwa hiyo nenda kwa miguu. Nenda saa moja asubuhi siku ya shule usimame barabarani uone watoto wanavuka wapi, walimu wanaingia saa ngapi. Na omba kwa jirani uone daftari la mtoto wa shule hiyo. Kule Nzuguni dada mmoja wa genge aliniletea daftari la Hisabati la mwanawe wa darasa la tano, nikalifungua, kila zoezi limesahihishwa, penye kosa mwalimu ameandika njia upya kwa wino mwekundu, chini tarehe na sahihi, kurasa na kurasa hivyo hivyo. Shule ya serikali, wastani wake kwenye tovuti ni wa kawaida tu. Watoto wangu wanasoma pale sasa.

Ukishaamua, namba ya PReM ya mtoto, ile inayomtambulisha kwenye mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, iandike mahali kabla hamjafunga mizigo maana uhamisho unapita kwenye huo mfumo, ongea na mwalimu mkuu wa unakotoka na wa unakokwenda wote wawili, na kama mtoto yuko darasa la nne au la saba mhamishe Januari kabisa, usisubiri asajiliwe mtihani kwenye shule ya zamani.